Ndugu wa Mgonjwa, Nje!

Miaka ya 1980, katika hospitali ya wilaya kwetu, saa 10 jioni geti lilifunguliwa na watu wakamiminika wodini na vikapu, hotpoti na chupa za chai. Muda ukiisha, sista alipita kitanda kwa kitanda: "Ndugu wa wagonjwa, nje!" Hakuna aliyebishana. Bibi yangu, aliyelazwa kwa kiharusi, alibaki mikononi mwa wauguzi, na kusema kweli walimtunza: aliogeshwa, akageuzwa ubavu kwa zamu, shuka ikanyooshwa hadi pembeni. Sisi machoni pao tulikuwa watu wa kuleta vumbi na maneno mengi.

Wagonjwa wakaongezeka kuliko wauguzi. Zamu ya kumuuguza baba iliponifikia, amri ilikuwa imegeuka: "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?" Nikawa wa kumwogesha, kumbadilisha nepi, kumlisha uji kwa mpira wa puani. Usiku nililala chini, katikati ya vitanda viwili. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, na kwa kuniita simlaumu hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba raundi ya madaktari ilipofika tulitolewa nje kama zamani. Mimi niliyemsikia baba akipaliwa usiku kucha sikuulizwa neno. Wala hakuna aliyenionyesha namna ya kumlisha, mpaka mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa akimuuguza mumewe, akanihurumia: "Mwanangu, mwinue kwanza, muwekee mto mgongoni. Akimaliza uji usimlaze upesi." Hilo lilikuwa somo langu lote la uuguzi, na halikutoka kwa muuguzi.

Lakini kwa watoto njiti nimeona mambo yakibadilika kweli. Zamani njiti alikaa kwenye mashine ya joto, mama akaitwa saa za kunyonyesha tu. Njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, ilimrudisha mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kisha ukaja utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania. Humo mama aliruhusiwa kukaa na mtoto ndani ya wodi ya uangalizi maalumu tangu mwanzo, bila kungoja hali itulie, na ndugu akampokea alipochoka. Katika siku 28 za kwanza walifariki watoto asilimia 12. Kwa wale waliosubiri kwanza, asilimia 15.7. Huyo mama hakuachiwa mtoto tu. Alielekezwa namna ya kumfunga, kumlisha na kumwangalia anavyopumua.

Baba yangu naye alistahili hivyo. Wauguzi wetu, najua mko wachache na mmechoka. Hata hivyo nawaomba: kabla ya kutukabidhi beseni na kopo la uji, tuelekezeni japo kwa dakika tano. Na raundi ikifika, mtuulize mgonjwa amelalaje.