Kila Mmoja kwa Jina Lake

Katika jumuiya yetu mafundisho ya afya hayakukosekana. Tulisikia mara nyingi kwamba chumvi nyingi, sigara, pombe na kukaa bila mazoezi huleta shinikizo la damu na kiharusi. Watu waliitikia "Amina", na kopo la chumvi likabaki mezani. Baada ya kuzika ndugu wawili kwa kiharusi, tulijiuliza: kama ujumbe ni wa kweli, mbona haufiki?

Injili ilitujibu. Yesu alileta Habari Njema moja, lakini hakusema na watu wote kwa namna moja. Na Nikodemo, mwalimu aliyemjia usiku, alizungumza juu ya kuzaliwa mara ya pili. Na mwanamke Msamaria kisimani, alianzia kwenye maji. Zakayo alimwita kwa jina, akaenda kukaa nyumbani kwake.

Basi, pamoja na muuguzi aliye mwanajumuiya mwenzetu, tulianza kuketi na mtu mmoja mmoja. Tulimuuliza anakula nini, anakunywa na nani, anavuta saa ngapi, anahofia nini. Kisha tulimwandikia karatasi yake mwenyewe, na siri yake ikabaki siri.

Mzee mmoja alikuwa na presha ya 170 kwa 100. Kwa kumsikiliza, tuligundua kwamba tabia zake zimeshikana mikono: jioni bia, bia ikaita sigara, sigara ikaita nyama choma yenye chumvi tele. Kumkataza moja na kuziacha nyingine kungekuwa kukata tawi na kuacha shina. Karatasi yake ikaanza hivi: "Baba, mjukuu wako anakusubiri jioni. Tembeeni dakika 30, siku tano kwa wiki." Ilifuata chumvi: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na mchuzi. Saa ya kilabu ikawa saa ya mjukuu, na sigara zikapungua. Dawa za hospitali anaendelea kuzimeza, maombi hayazifukuzi. Bado hajamaliza safari, lakini presha yake imeshuka, naye hutembea nasi.

Mpendwa msomaji, Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu hilo lina mlango wake kwa kila mtu. Kabla ya kumwonya jirani yako, bisha hodi, keti, umsikilize. Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina.