Ile C Niliyoikemea

Leo nina ungamo kabla ya neno.

Kuna binti wa kanisa letu hapa Ruiru, na amenikubalia niandike haya. Alipata C kwa KCSE, akaja ofisini na mama yake, akasema anataka kusomea ualimu wa shule ya msingi. Nilikuwa bado na moto wa ibada. Nikamwambia Mungu wetu si Mungu wa C. Chuo kikuu kinataka C+, kwa hivyo rudia kidato cha nne. Nikamwekea mikono, mama akasema amina. Mama huyo anauza mboga sokoni, na karo ya kurudia ilitoka kwa hizo sukuma wiki.

Matokeo yakaja. C tena.

Sikumpigia simu. Hilo linaniuma kuliko hata ule ushauri. Sisi wachungaji tuna haraka ya kusimamisha watu watoe ushuhuda, lakini maombi yetu yakikosa kutimia tunajifanya tuna shughuli nyingi.

Juzi alikuja na barua mkononi. Amepata nafasi chuo cha ualimu cha Kilimambogo, hapo mbele ya Thika. Akasema, "Pasta, sikuja uniombee. Nimekuja unisaidie kupiga hesabu." Nikakumbuka yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara, tukachukua karatasi. Godoro, blanketi, ndoo, sanduku, fomu ya daktari, nauli ya Ruiru mpaka Thika na ile ya barabara ya Garissa. Halafu karo, mara miaka 3.

Mimi nilikuwa bado nawaza P1, cheti cha miaka 2. Kumbe tangu 2021 ni diploma ya miaka 3, na alama ya kuingilia ni hiyo hiyo C niliyoikemea.

Wewe unayengoja kuripoti chuo, sikia vile anavyojiandaa. Jioni anamsomesha mtoto wa jirani wa Gredi ya 1. Ameomba vitabu vya mtaala wa umilisi, kwa sababu yeye alisoma 8-4-4 na atafundisha mtaala ambao hakuketi darasani mwake hata siku moja. Anafanya mazoezi ya kuchora pia. Nimeona ng'ombe wake, na kwa kweli tuendelee kuomba.

Yakobo 3 inaonya wale wanaotaka kuwa walimu, kwamba hukumu yao ni kubwa zaidi. Miaka yote nilidhani ni sisi wa mimbari. Lakini mimi nilienda chuo cha Biblia ili nifundishe watu wazima, na nikikosea wanaweza kuinuka waende zao. Yeye atapewa watoto wa miaka sita. Hao hawana pa kwenda.

Mzazi, kabla hujamleta mtoto niombee matokeo yake, muulize yeye mwenyewe anataka nini. Na kama kuna kijana mwingine niliyemrudisha nyuma kwa maneno yangu, niko ofisini Alhamisi mchana. Njoo tu, hata kama umekasirika.

Kwa ile karatasi yetu limebaki sanduku. Kama mtoto wako alimaliza bweni na lake bado liko chini ya kitanda, lilete Jumapili. Kufuli tumeshanunua.