Mwanafunzi Anapokaa Nje ya Chuo: Nani Atamwamsha Alfajiri?



Ndugu zetu wazazi, kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, wazee hutujia hapa madrasani Buyenzi na swali lile lile: "Mwalimu, kijana amepata nafasi chuoni, lakini bweni ni ghali. Akipanga chumba mtaani si nafuu?" Swali hili tunalijua vizuri, kwani sisi wenyewe tulikaa nje ya chuo kwa miaka mitatu. Leo tumeona tuwaandikie tuliyoyaona, huenda yakawafaa.

Tulisoma Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichoko Nkoma, nje kidogo ya mji wa Mbale, mahali unapoinua macho ukaiona safu ya Wanale ya Mlima Elgon. Chuo hiki ni tunda la uamuzi wa nchi za Kiislamu zilizokutana Lahore mwaka 1974, kwamba vianzishwe vyuo viwili Afrika: kimoja Niger kwa wanaotumia Kifaransa na kimoja Uganda kwa wanaotumia Kiingereza. Cha Uganda kilifunguliwa mwaka 1988 kikiwa na wanafunzi 80 tu. Tulipofika sisi mwaka 2001 kilikuwa kimekua, lakini maisha yake bado yalikuwa ya chuo kidogo cha bweni: msikiti, madarasa, jiko na vitanda viko pamoja, na watu wanajuana kwa majina.

Tulikuwa wanne, tumepanga vyumba viwili mtaani. Mmoja alitoka Kigoma, mmoja Mombasa, mmoja Arua, na sisi Bujumbura. Kilichotuunganisha ni dini na Kiswahili. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane wa Kigisu, Mkristo, aliyeishi na wanawe ua huo huo. Sisi tulimwita Mama, naye alituita masheikh, ingawa usheikh wenyewe ulikuwa bado mbali.

Kwanza tuseme juu ya fedha. Kodi ilikuwa nafuu kweli, lakini kodi si gharama yote. Kuna makaa ya sigiri, maji ya kununua kwa jerikeni, mafuta ya taa umeme ukikatika, sabuni na sufuria. Tulipika kwa zamu, posho na maharage, na ndizi siku ya Ijumaa. Siku ambayo mwenye zamu amechelewa darasani, kila mtu hukimbilia chapati na maharage barabarani, na senti za wiki nzima hukatika kidogo kidogo. Mwisho wa muhula tulipopiga hesabu na wenzetu wa bwenini, tofauti haikuwa kubwa kama walivyodhani wazee wetu nyumbani.

Lakini fedha ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba bweni humpa kijana vitu ambavyo haoni kuwa anapewa. Adhana ya Alfajiri iko dirishani. Wenzake wanashika udhu, naye anaona haya kubaki kitandani. Asipoonekana darasani, kufika Adhuhuri kuna mtu ameshamuulizia. Anayekaa nje hana hayo yote mpaka ajitengenezee mwenyewe. Sisi tuliweka zamu ya kuamshana, na karatasi ya zamu ikabandikwa mlangoni. Hata hivyo, ndugu yetu wa Arua alipata kazi ya jioni dukani, akawa anarudi usiku wa manane. Akaanza kukosa Alfajiri, kisha vipindi vya asubuhi. Wiki mbili zikapita bila mtu chuoni kuuliza, maana kila aliyemkosa alidhani amekwenda kwao. Tulikaa naye baada ya Isha tukamweleza kwa upole. Alhamdulillah, akabakisha kazi ya Jumamosi tu, na shahada yake akaipata.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2002. Ule ulikuwa mwaka wa imbalu, jando la Wagisu, linalofanyika kila mwaka wa namba shufwa kuanzia Agosti. Ngoma za kadodi zilipita mtaani hata usiku. Usiku mmoja kama huo ndugu yetu wa Kigoma alishikwa na malaria kali, akawa anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Bwenini tungebisha kwa msimamizi. Pale hatukuwa na msimamizi, simu wala usafiri. Tulibisha kwa Mama. Alimtuma mwanawe atafute bodaboda, akajifunga kanga, akafuatana nasi mpaka hospitali, akatoa fedha zake za dawa bila kuuliza tutalipa lini. Alikaa na mgonjwa mpaka kulipokucha. Kigoma hawakuwa na habari yoyote. Barua yetu iliwafikia kijana akiwa ameshapona.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia Novemba mwaka ule, mama huyo huyo alikuwa akitugongea dirisha wakati wa daku, kila alipojua ngoma zimetukesha. Hapo tulikumbuka kwamba aya ya 36 ya Surat An-Nisaa inawataja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na inataka wote watendewe wema. Tulikuwa tumeisoma aya ile mara nyingi. Mbale tulionyeshwa maana yake.

Kwa hiyo, mzazi, hatukwambii umkataze mwanao kukaa nje ya chuo. Tunakwambia usiulize kodi peke yake. Tunausia haya:

1. Asikae peke yake. Apate wenzake wanaoswali, na wawe na zamu ya kuamshana.
2. Nyumba iwe karibu na msikiti, na njia ya kurudi usiku iwe ya salama.
3. Mjue mwenye nyumba. Chukua namba yake ya simu, umpigie umsalimie kabla ya shida, naye awe na namba yako.
4. Mfundishe mwanao, wa kike na wa kiume, kupika, kufua na kuandika matumizi yake kabla hajaondoka kwako.
5. Muusie haki za jirani, awe Muislamu au asiwe. Kijana anayesalimia, asiyepiga kelele na anayelipa kodi kwa wakati, akigonga mlango usiku hufunguliwa.

Sisi Mama tulimrudishia fedha zake. Wema wake tumeshindwa kuulipa, na kila mwaka tunawasimulia habari zake vijana wanaotuaga kwenda vyuoni.

Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu popote walipo, na awajaalie majirani wema. Aamin.

Wabillahi tawfiq.