Kicheko cha Mwisho wa Reli

Vicheko viko vya aina nyingi, msomaji mwenzangu. Kuna cha kumfurahisha bosi, kuna cha kuficha aibu, kuna cha kumwonyesha mchumba meno. Hivyo leo sivitaki. Nakitaka kile kinachomkamata mtu ukumbini kikamtoa kwenye benchi, kikamnyima pumzi, machozi yakamtoka, na jirani asiyemjua akamwangukia begani kama ndugu yake wa tumbo moja. Kicheko cha kuvunja mbavu. Ukikizuia kwa kiganja kinatokea puani.

Swali langu ni jepesi kuuliza: kicheko hicho kinatoka wapi, na kinamcheka nani? Nauliza kwa sababu mimi ni mtoto wa Ujiji. Sisi watu wa mwisho wa reli tumecheka sana katika maisha yetu, na tumechekwa sana pia.

Tuanzie kwenye kibanda umiza. Anayekijua haelezwi. Asiyekijua afikirie chumba cha mbao na bati, mabenchi yaliyobanana, televisheni moja juu ya meza ndefu, deki ya video chini yake, gunia jeusi mlangoni na joto la kuchemshia chai. Miaka ya 1990 vilikuwapo Ujiji, vilikuwapo Mwanga, vilikuwapo na huko ufukweni Kibirizi. Na vilikuwa na kalenda yao, bwana! Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi ziwani, maana taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Basi usiku wa mwezi vibanda vilifurika. Ukipenda kucheka na watu wengi, ungoje mwezi.

Na watu wenyewe walikuwa mchanganyiko wa ajabu. Muha kutoka milimani, mzee wa Kimanyema wa hapahapa Ujiji, kijana wa Kibembe aliyevuka kutoka Fizi, Mrundi aliyekimbia baada ya Oktoba 1993, Mkongo aliyekuja na vita vya 1996. Kila mmoja na Kiswahili chake. Na filamu ilikuwa ya Kiingereza, ambacho wengi wetu tulikisikia kama mvua juu ya bati.

Ndiyo maana mfalme wa vibanda hivyo, kwa upande wa vichekesho, alikuwa mtu asiyesema kabisa. Charlie Chaplin amezama katika lugha yetu kiasi kwamba jina lake tumeligeuza kuwa neno: mchekeshaji tunamwita chale. Ipo filamu yake ya mwaka 1925, The Gold Rush, ambamo njaa inamzidi kibandani kwenye theluji, akachemsha kiatu chake. Anakipakua kwenye sahani kwa heshima zote. Anazungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi. Misumari ananyonya mmoja mmoja, taratibu, kama sisi tunavyonyonya miiba ya kuhe, halafu anaiweka kando ya sahani kwa adabu.

Niliitazama usiku mmoja wa mwezi. Kwenye misumari kibanda kilikuwa tayari kimelegea, watu wanapigana makofi ya mgongo. Ndipo mzee mmoja aliyekaa pembeni, mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayejiambia mwenyewe: "Huyu ana bahati. Sisi kule porini hata sufuria hatukuwa nayo." Kibanda kikanyamaza, kama muda wa kukonyeza jicho. Halafu yeye mwenyewe akaanza, kwa kikohozi kidogo kidogo, na hapo ndipo paa lilipotaka kung'oka. We acha tu. Nimecheka mara nyingi tangu usiku ule, lakini sijasikia tena kicheko kizito namna ile.

Baadaye nilimfikiria sana mzee yule. Asingecheka yeye, hakuna ambaye angethubutu. Ruhusa ilikuwa mkononi mwake, akatupa.

Usiku mwingine ilikuwa zamu ya The Gods Must Be Crazy, filamu ya Jamie Uys ya mwaka 1980. Wengi wanaikumbuka kwa ile chupa ya soda iliyodondoka kutoka kwenye ndege. Ujiji tuliikumbuka kwa Land Rover. Mtaalamu wa Kizungu, msomi wa wanyama, ana gari bovu lisilo na breki, na kila akimwona mwanamke miguu yake inasahau kazi yake. Gari likivutwa na waya wake wenyewe likapanda juu ya mti, likaning'inia. Sasa hebu fikiria: tukio limefika hapo, umeme ukakatika. Kigoma kwa miaka mingi tulitegemea mitambo ya dizeli, na giza tulilizoea kama ndugu wa mbali anayekuja bila taarifa. Lakini watu hawakuacha kucheka. Waliendelea gizani dakika nzima, wakilicheka giza, wakilicheka gari ambalo kila mmoja alikuwa bado analiona kichwani mwake likiwa mtini.

Kuna utani wa kale unaoishi hapohapo Ujiji, na dunia nzima inaujua bila kujua kwamba ni wa kwetu. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871. Alipita maradhi, vita na maasi ya wapagazi, akafika Ujiji, na kwa maelezo ya kitabu chake ilikuwa Novemba 10. Bunduki zinalia, bendera ya Marekani inapepea, mji mzima uko nje. Mbele yake amesimama mzee mmoja mwenye ndevu, Mzungu pekee kati ya umati. Na Stanley, badala ya kumkumbatia, anavua kofia na kumuuliza kwa upole kama anadhani sawasawa kuwa yeye ndiye Dakta Livingstone. Jamani! Angekuwa nani mwingine?

Uingereza walilicheka swali hilo miaka mingi. Hollywood walilirudia mwaka 1939 katika filamu ya Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley, kwa uso mkavu kabisa. Lakini ladha yake kamili utaipata kwa watoto wa shule, pale karibu na miembe ya kumbukumbu, Stanley akiwa amepakwa unga wa muhogo usoni na Livingstone akiwa na ndevu za pamba. Kwa Waha salamu ni kazi. Unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizia nyumba, watoto, mifugo, mvua. Kumbe huyu katembea miezi karibu minane, na salamu yake haijazi kijiko!

Mara moja niliona mtoto aliyekuwa Livingstone akisahau jibu. Mwenzake kauliza, kofia iko hewani, kimya. Mwalimu anamnong'oneza kutoka nyuma ya mti, kimya. Jasho likateremsha unga. Upande mmoja wa ndevu ukabanduka. Ndipo bibi mmoja akapaza sauti kutoka katikati ya watazamaji: "Mjibu mgeni, mwanangu, katoka mbali!" Watu walianguka. Mwalimu alianguka. Stanley alikaa chini kabisa, kofia ikiwa bado mkononi. Bibi yule hakukusudia kuchekesha. Alikuwa anarekebisha adabu tu, na kwa sentensi moja akaifanyia historia ile yote kile ambacho vitabu havikuifanyia: aliwachukulia mashujaa wale wawili kama wageni waliokuja kwetu, wenye wajibu wa kusalimiana vizuri.

Hapa sasa naingia penye mwiba.

Mchekeshwaji mkuu wa sanaa yetu ya Tanzania, tangu zamani, ni mshamba aliyeingia mjini. Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza filamu ya Muhogo Mchungu miaka kumi nyuma, akiwa mtu wa shamba anayepata misukosuko ya mjini. Tangu hapo mshamba hajapumzika. Jukwaani, redioni, kwenye televisheni, yeye ndiye anayeshangaa ghorofa, yeye ndiye anayeibiwa. Na mara nyingi mno amepewa lafudhi yetu. Ameshuka kwenye treni ya Kigoma.

Mwaka 2004 nilikuwa Dar es Salaam, katika ukumbi mmoja wa starehe ambao sina haja ya kuutaja. Akapanda mchekeshaji na sinia la karanga kichwani. Kabla hajafungua mdomo watu walishajua: Muha. Alipofungua, alitoa sauti ambazo hazikuwa Kiha wala lugha yoyote, bata akivuka barabara anasema la maana zaidi. Ukumbi ukavunjika. Nasema ukweli, kilikuwa kicheko cha mbavu kwelikweli, meza zilipigwa, vinywaji vilimwagika. Kwangu kilipita kando kama mvua inayonyesha ng'ambo ya mto. Kijana wa kulia kwangu alikuwa anafuta machozi. Dakika chache kabla alikuwa amezungumza nami, na kwa matamshi yake nilijua ni wa Kasulu. Tulipotoka nje nikamuuliza alichekea nini. Akanitazama. "Kaka, ukumbi mzima unacheka, wewe ununie peke yako, waseme ndiye huyu?"

Jibu lile limenikaa miaka mingi, kwa sababu linakanusha kitu ninachopenda kuamini. Ningependa kuamini kwamba kicheko kikubwa ni ushahidi wa utani mzuri. Sivyo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka. Kicheko kikaenea. Wanafunzi 95 kati ya 159 kikawashika, wengine kwa saa, wengine kwa siku, kikichanganyika na vilio, hadi shule ikafungwa Machi 18. Madaktari Rankin na Philip waliandika ripoti yao mwaka uliofuata. Hawakukuta sumu wala virusi, na hakuna aliyekuwa ametoa kichekesho. Wataalamu waliosoma kisa kile baadaye waliona dalili za hofu na mkazo wa moyo, vilivyotafuta mlango wa kutokea.

Mtafiti wa Marekani, Robert Provine, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba kicheko kingi cha kila siku hakifuati utani wowote. Mwili unasikia mwili mwingine unacheka, unajiunga. Hauulizi nani anachekwa. Kicheko hakina dhamiri, rafiki yangu. Dhamiri anapaswa kuwa nayo anayekianzisha.

Ndiyo maana namheshimu marehemu Mzee Majuto, Amri Athuman wa Tanga, aliyetutoka Agosti 8, 2018. Aliigiza wazee wabahili, washamba, waongo, waoga. Lakini hakusimama juu ya watu hao akawanyooshea kidole. Aliingia ndani yao. Uliona hesabu zao, hila zao, hamu yao ya kula vizuri kabla ya kufa. Ulimcheka huku ukimkumbuka baba yako mdogo.

Na miaka michache baada ya ule usiku wa Dar, hapohapo Mwanga, niliona vijana wakiigiza tena Muha na sinia la karanga. Nikakaza meno. Akaja mteja wa mjini, suruali imepigwa pasi, akaomba kuonja. Akaonja punje moja. Akaonja nyingine. Akasifia, akaonja, akauliza bei, akaonja, akalalamika bei, akaonja. Muuza karanga kimya, anamtazama kwa upole. Mwisho mteja akasema hanunui, akageuka. Muuzaji akamshika shati, akasema polepole, kwa lafudhi yetu ileile isiyotiwa chumvi: "Punje ishirini na moja. Na ile iliyoanguka, ishirini na mbili."

Msomaji, watu walilia. Kila mmoja pale aliwahi kuwa muuzaji yule, au ni mtoto wa muuzaji yule, amekwenda shule kwa karanga zile. Lafudhi ilikuwepo, sinia lilikuwepo, ushamba ulikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mwandishi wa igizo alimjua anayemwandika: alijua kwamba mtu anayeuza kwa kipimo cha kikombe hawezi kushindwa kuhesabu punje.

Siku hizi vichekesho vipo kwenye simu, mtu anavitazama peke yake na spika za masikioni, anatabasamu, anapitisha kingine. Sivilaumu. Lakini wewe unayetaka kuandika igizo au filamu, kumbuka kwamba siku moja utakuwa na ukumbi mzima mkononi, na kuuangusha si kazi ngumu kama unavyodhani. Lete kilema, lete kabila, lete mlevi, watacheka, na watacheka hadi wale unaowaumiza, maana wanaogopa kununa peke yao.

Kazi ngumu ni kuuangusha ukumbi ambamo yule unayemwigiza amekaa benchi la mbele na watoto wake. Mwandike ukijua atakuwepo. Mpe hesabu zake, adabu yake, ulimi wake wa kweli. Akicheka yeye wa kwanza, waachie wengine wavunjike mbavu zao kwa amani.