Nauli ya Nyumbani

Chumba ninachopanga kiko Makenke, pembeni mwa mji wa Mbarara, karibu na kambi ya jeshi. Mabasi ya Kampala hupita barabara ya Masaka tangu alfajiri, na mwaka wangu wote wa kwanza chuoni niliyasikia nikiwa bado kitandani. Kila lilipopita moja nilijiuliza: kama ningepanda basi kama hili, leo ningekuwa nani?

Swali hilo lilianza mwaka 2023. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yametoka, na Kiswahili ndilo somo nililolifaulu kuliko yote. Niliomba nafasi katika vyuo viwili: Makerere, na kimoja cha hapa Mbarara. Vyote viwili vikanikubali. Majirani walinipongeza mara mbili, lakini mimi nililala nusu ya usingizi wangu wa kawaida.

Nyumbani kwetu ni Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi yale yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na sokoni wengi wao hukutana katika Kiswahili. Sisi tulifika mwaka 2008, tukitoka Kiwanja, Rutshuru, vita vilipozidi. Nilikuwa na miaka mitano. Sikumbuki mengi ya safari ile, ila nakumbuka kwamba Mama alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, na mdogo wangu alikuwa mbele, kifuani.

Nyumba yetu ina watu watano: Mama, mimi na wadogo zangu watatu. Mimi ndiye mkubwa. Mama analima maharage na mahindi katika kishamba kidogo, na anauza samaki wakavu siku za soko. Mwaka ule ule wa 2023, mgao wa chakula na pesa uligawanywa kwa makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kabisa. Sisi tuliwekwa la pili. Tulibaki kwenye orodha, lakini kiasi kilipungua, na Mama akaanza kuuza samaki hata siku zisizo za soko.

Mwalimu wangu wa Kiswahili hakutaka kusikia habari ya Mbarara. Aliniita ofisini, akafunga mlango. "Binti, Makerere ilianza mwaka 1922," akasema. "Nyerere alitoka Butiama akaenda kusoma pale. Wewe unatoka Isingiro tu, unaogopa nini?" Nikacheka kwa heshima. Sikumjibu, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu.

Usiku nilichukua daftari nikapiga hesabu. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270. Nauli ya basi ilikuwa elfu thelathini, na kabla ya basi kuna gari la kutoka Nakivale hadi Mbarara, shilingi elfu kumi, na bodaboda kama mvua imeharibu njia. Kwenda na kurudi ni zaidi ya elfu themanini. Kwa pesa hizo Mama hununua mzigo mzima wa samaki wa kuuza. Halafu kuna uhakiki. Ukitangazwa, kila aliyeandikwa kwenye kadi ya familia anatakiwa afike mwenyewe aweke kidole kwenye mashine. Asiyeonekana, jina lake huweza kusimamishwa. Tangazo hutoka leo, zamu yenu ikawa keshokutwa. Nikiwa Mbarara, naweza kuomba ruhusa asubuhi na mchana niko kwenye mstari. Nikiwa Kampala, nitakuwa bado natafuta wa kunikopesha nauli.

Hesabu ilikuwa wazi. Nikachagua Mbarara. Kila aliyeniuliza nilimpa jibu moja: "Ni kwa ajili ya Mama." Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee mmoja wa kanisani aliniombea mbele ya watu wote, akasema nimewashinda watoto wanaokwenda mjini wakasahau walikotoka. Nilipokea sifa ile, nikakaa.

Maisha ya Makenke yamenifundisha mambo ambayo sikuyaandika kwenye daftari lile. Hapa lugha ya mtaa ni Runyankore, na Kiswahili kina sifa yake. Wiki ya kwanza, mama mwenye nyumba alinisikia nikiongea na Mama kwenye simu. Nilipomaliza aliniuliza, "Mume wako yuko kambini?" Nikamwambia sina mume. Akauliza, "Basi hicho Kiswahili umekitoa wapi?" Kwake yeye Kiswahili ni lugha ya askari. Alikuwa msichana Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliomsemesha kwa Kiswahili siku zile walikuwa na bunduki. Nilimweleza kwamba kwetu ni lugha ya kuombea chumvi kwa jirani. Alinitazama kama anayepima kama nasema kweli. Sasa ananisalimu "Habari ya asubuhi, mwalimu," na mimi namjibu kwa Runyankore yangu mbovu, tunacheka wote wawili.

Kwa upande mwingine, darasani Kiswahili changu kilikuwa na matatizo. Nilizoea kusema "miye" na "weye", na "juu ya" nikimaanisha "kwa sababu ya". Insha yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu kila mstari. Niliona aibu, lakini tulikuwa wachache, na mhadhiri alikaa na mimi neno kwa neno, akinieleza kipi ni kosa na kipi ni lahaja. Siku ile ndipo nilipoanza kushuku jibu langu la "kwa ajili ya Mama". Nilipokuwa nikitoka darasani niliwaza: afadhali haya yamenipata hapa, si Makerere mbele ya umati. Wazo hilo halikumhusu Mama hata kidogo.

Mwaka jana Mama aliugua malaria, ikamlaza. Mdogo wangu alinipigia simu saa moja asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa nimefika, nikampeleka kituo cha afya. Jioni alipopata nafuu nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwambia, nikidhani namfurahisha: "Unaona, Mama? Ndiyo maana sikuenda Kampala. Nilibaki kwa ajili yako."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Usiseme ulibaki juu yangu. Miye sikukufunga kamba. Nilikuambia enda, ukakataa."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau, au nilitaka kusahau. Usiku ule wa daftari Mama aliamka akanikuta na taa ya tochi, akaniuliza naandika nini. Nilipomwonyesha hesabu alisema, "Enda tu. Miye niko hapa, siko nakufa leo. Samaki ntauza." Mimi ndiye niliyesema haiwezekani. Nauli ilikuwa kubwa, na uhakiki ulikuwepo, hayo si uongo. Lakini hofu nayo ilikuwepo. Niliogopa mji ambao sina mtu. Niliogopa kwamba somo pekee ninalojivunia litachekwa na watu waliolijua kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Hofu hiyo sikuiandika kwenye daftari, nikaiweka mgongoni kwa Mama, ambaye tayari alikuwa amenibeba mara moja kutoka Kiwanja.

Sisemi nilichagua vibaya. Asubuhi ile ya malaria, ukaribu ulikuwa na maana, na kama ningerudishwa mwaka 2023 pengine ningechagua Mbarara tena. Rafiki yangu aliyekwenda Kampala amejua mengi ambayo sijayajua, na amekosa mazishi ya bibi yake. Kila mmoja wetu ana alicholipa. Ninachojutia ni kwamba kwa miaka miwili nililipa kwa jina la mtu mwingine.

Wazee husema aliye juu mngoje chini. Mimi nimewangoja wadogo zangu wafike hapa nilipo. Anayenifuata anamaliza kidato cha sita mwaka huu, na ameanza kuuliza kuhusu vyuo. Nimempa daftari lile la hesabu, maana bei zimepanda lakini njia ni ile ile. Chini ya nauli, karo na uhakiki, nimeongeza mstari mmoja kwa mkono wangu: "Unaogopa nini?" Nimemwambia aujaze mwenyewe, na asimwandike Mama hapo.