Upana wa Ubeti

Tarbia huonekana kabla ya kusomwa. Mishororo minne, kila mmoja mizani 16, ukwapi upande huu na utao upande ule, vina vimepangana kama shanga. Mchapaji wa kitabu akishaupata upana wa karatasi yake, kazi imekwisha. Apangaye ubeti kwa ajili ya skrini hana karatasi; yeye hutoa maagizo tu, na kivinjari cha msomaji ndicho kinachoyafasiri. Na wafasiri hao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hawakusikizana.

CSS, lugha ya mitindo iliyoidhinishwa na W3C Desemba 1996, ilisema kuwa upana ni wa maandishi peke yake. Safu ya pikseli 300, yenye nafasi tupu ya 20 na mpaka wa 5 kila upande, jumla yake ni 350. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu vingine: 300 ndiyo jumla ya yote, na maandishi yakabakiwa na 250. Kwa habari ya gazeti hasara ni ndogo, kwani aya hujikunja tu. Mshororo haukunjwi. Neno la mwisho likikosa nafasi hushuka na kina chake, na ubeti wa mishororo minne ukaonekana una minane, mirefu kwa mifupi, mithili ya shairi huru ambalo mtunzi hakulitunga.

Tantek Çelik, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft katika kivinjari cha Macintosh, alibuni hila. Kwanza hutajwa upana wa uongo, 350. Kisha huja agizo lisilohusu macho hata kidogo, la kuchagua sauti ya mashine isomayo, na ndani yake alama za kunukuu na mabano yaliyopangwa hivi kwamba Internet Explorer 5 idhani kanuni imekwisha. Huishia hapo. Vivinjari vingine huendelea na kuukuta upana wa kweli, 300. Ujinga wa msomaji mmoja ukatumiwa kumfikishia ubeti ule ule. Mfasiri wa mashairi, nadhari yake ikiwa njema, ataitambua kazi hii.

Internet Explorer 6, mwaka 2001, ilirekebisha hesabu kwa kurasa zilizotangulizwa tamko la aina ya waraka. Zisizokuwa nalo zilipimwa kwa mazoea ya zamani, zisije zikavurugika.

Ajabu ni kwamba hesabu iliyolaaniwa haikuwa ya kipumbavu. Seremala apimaye nafasi ya mlango hupima na fremu yake. CSS yenyewe baadaye ilikubali agizo la box-sizing, na wasanifu wengi leo hulitumia ili upana uhesabiwe vile vile. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022.

Siku hizi mgogoro ni simu, ambayo wembamba wake ni wa kweli. Hapo hila haifai kitu. Mpangaji huamua mwenyewe kuushusha utao wote, mizani zote nane, na kuusogeza ndani kidogo, kuliko kuacha neno moja lianguke peke yake.