Dunbar: Jiwe la Heshima kwa Wafiwa

Kutoka Charleston, makao makuu ya jimbo la West Virginia nchini Marekani, shika njia ya magharibi ukifuata Mto Kanawha. Haipiti nusu saa utakuwa umefika Dunbar. Nyuma umeliacha kuba la jengo la serikali ya jimbo, limenakshiwa kwa dhahabu na kung'aa juani. Mbele kuna vilima vya Appalachia, na ukibahatika kufika Oktoba utaikuta misitu yake imewaka rangi nyekundu na manjano.

Wageni wengi huijia West Virginia kwa milima na mito yake, na si kosa. Lakini kwangu mimi, mahali pa kwanza pa kufika ni makaburi ya wanajeshi ya Donel C. Kinnard, hapo Dunbar. Ndipo uliposimamishwa, mwaka 2013, mnara wa kwanza wa Familia za Nyota ya Dhahabu. Minara ya askari waliokufa vitani imejaa duniani. Huu umejengwa kwa ajili ya mama, baba, mjane, yatima na ndugu waliobaki.

Nyota yenyewe ina historia. Mwaka 1917, Robert Queissner, ofisa wa jeshi kutoka Ohio mwenye wana wawili vitani, alibuni bendera ya kutundikwa dirishani: nyota moja ya buluu kwa kila mtoto aliyeko jeshini. Mtoto akifa, nyota ya dhahabu ilishonwa juu ya ile ya buluu, ikiacha ukingo mwembamba wa buluu kuizunguka. Mpita njia hakuhitaji kuuliza; alijua nyumba ile ina msiba. Mwaka 1947 Bunge la Marekani likaidhinisha beji ya kuvaliwa kifuani na wafiwa, nyota ya dhahabu juu ya duara la zambarau.

Mnara ni wazo la mwana wa jimbo hilihili, Hershel Woody Williams, aliyepewa Medali ya Heshima kwa ushujaa wake katika mapigano ya Iwo Jima mwaka 1945. Kabla ya kwenda vitani alikuwa dereva wa teksi, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupeleka simu za maandishi zenye habari za vifo. Aliziona nyuso za wazazi mlangoni. Miaka mingi baadaye, baada ya kuzungumza na akina mama waliopoteza watoto, baba mmoja alimfuata akimwambia kwamba akina baba nao hulia. Neno hilo halikumtoka moyoni.

Usitosheke na kuutazama mnara kwa mbele. Ni wa graniti nyeusi, na upande wa pili una sehemu nne: Nchi, Familia, Mzalendo na Kujitoa Mhanga, zilizochorwa picha. Katikati jiwe limekatwa umbo la askari anayepiga saluti. Hakuna sanamu hapo, ni uwazi mtupu. Ukichungulia unaona mbingu na miti ya upande wa pili. Pengo lile linasema yote kuhusu nyumba iliyoondokewa na mtu.

Williams alifariki Juni 2022 akiwa na miaka 98, na minara ya namna hii sasa imepita 100 kote Marekani. Lakini chimbuko ni Dunbar, na ni haki mji huu mdogo uheshimiwe kwa hilo.

Ukienda, nenda kwa utulivu, usome pande zote mbili. Na ukirudi kwenu, kama jirani yako alimtoa mtoto jeshini na hakurudi, usiogope kumtaja mtoto huyo. Endelea kumwita mama yule kwa jina la mwanawe. Ni heshima isiyohitaji graniti, na kila mmoja wetu anaiweza.